Sekunde Mia na Ishirini za Mama Nyaya

Jina lake la kwenye kitambulisho walilijua watu wa mishahara tu. Wengine wote pale hospitalini, kuanzia mganga mkuu hadi mfagizi wa wodi ya wazazi, walimwita Mama Nyaya, kwa sababu miaka ya mwanzo alikuwa haonekani ila akiwa amebeba mzingo wa kebo begani kama mtu anayekwenda kuchota maji kisimani.

Hakusomea kompyuta chuoni. Aliingia kazini akiwa mpiga chapa wa masjala, enzi ambazo faili la mgonjwa lilikuwa faili kweli, la karatasi, lililofungwa kwa kamba. Siku kompyuta kubwa ya kwanza ilipoletwa, watu waliizunguka kama wanaotazama nyoka aliyekufa, kila mmoja akimwachia mwenzake aiguse. Mkuu wa masjala akamteua yeye, eti kwa kuwa anaweza kupiga chapa bila kuangalia vidole. Mafundi walioifunga waliondoka jioni hiyohiyo wakamwachia kitabu kinene na namba ya simu ambayo haikuwahi kupokelewa. Kitabu alikisoma miaka miwili, kamusi mkono wa kushoto, kikombe cha chai mkono wa kulia. Alipokimaliza alikuwa fundi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia vinginevyo.

Baada ya miaka ishirini na kitu hospitali ilikuwa na zahanati kumi na moja zilizotawanyika, nyingine karibu, nyingine mbali, na kila moja ina seva yake: sanduku jeusi linaloendeshwa na programu mama iitwayo Linux, limewekwa juu ya kabati au nyuma ya mlango, linatunza majina ya wagonjwa, chanjo za watoto na majibu ya vipimo. Ukijumlisha na ya hospitali yenyewe zilikuwa kumi na mbili. Zote alizilea yeye.

Ili seva ionekane na wenzake lazima iwe na anwani, yaani namba zake, na lazima ijue lango, yaani kile chombo ambacho ujumbe hupitia kutoka nje. Mambo hayo yote, kwa njia ya zamani, yaliandikwa kwenye faili moja fupi kama barua ya kuomba ruhusa. Kadi ya mtandao ni hii, anwani yake ni hii, lango lake ni hili, wasalaam. Mama Nyaya aliliandika faili hilo mara nyingi mno, hata vidole vyake vilikuwa vikimaliza kabla yeye hajaamua kuanza.

Lakini vidole navyo huteleza. Miaka kumi na moja nyuma, akiwa mezani kwake, aliingia kwa mtandao kwenye seva ya zahanati ya mlimani, safari ya saa saba kwa lori la hospitali. Alitaka kubadilisha tarakimu chache tu. Akabadilisha, akaiamuru mashine ifuate, na skrini ikaganda. Akangoja. Akajaribu kuingia upya, ikawa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Aliandika sita mahali pa tisa, na sasa mashine ilikuwa hai kule juu lakini haisikii wala haisikiki. Hapakuwa na mtu kule aliyejua kompyuta wa kuelekezwa kwa simu. Ikabidi apande lori.

Siku ileile mama yake mzazi, aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, alikuwa anafunguliwa bandeji. Bibi yule alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba uso wa kwanza atakaouona uwe wa binti yake. Binti yake wakati huo alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la chanjo, kilomita nyingi kutoka hapo, anafuta sita anaandika tisa. Kazi ya nusu dakika.

Mama mtu hakukasirika. Aliigeuza kichekesho, na kwa miaka sita aliyoishi baada ya hapo kila mgeni aliyefika alisimuliwa: "Nimekaa gizani miezi minane, wananifungua, na kitu cha kwanza nilichojaliwa kukiona duniani ni sharubu za daktari." Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mama Nyaya alicheka pamoja nao, kisha alitoka uani kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Tangu siku hiyo akajiwekea sheria. Hagusi mtandao wa mashine ambayo hawezi kuishika kwa mkono. Ikiwa kuna tarakimu ya kubadilisha zahanati fulani, anafunga safari, anasimama mbele ya sanduku, anabadilisha, anarudi. Wenzake walimwona mtu wa kujitesa. Yeye alijua kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuona haya kushtuka.

Mwaka huo barua mbili zikafika mezani kwake ndani ya juma moja. Ya kwanza ilisema mashine zote kumi na mbili zimechakaa na zitabadilishwa, mpya zimekwisha agizwa. Ya pili ilitoka kwa kampuni inayowauzia mawasiliano. Ilieleza kwamba baada ya miezi mitatu kila zahanati itafungiwa lango jipya lenye namba nyingine, la zamani litaachwa likifanya kazi kwa juma moja tu, halafu litazimwa. Kwa lugha nyepesi, ndani ya siku saba mtu lazima abadilishe namba ya lango kwenye seva zote za zahanati. Mama Nyaya alichukua kalenda akahesabu safari kwa ncha ya kalamu. Alihesabu mara mbili. Siku saba hazikutosha hata kwa zahanati za bondeni.

Juu ya hayo kulikuwa na suala la njia. Mashine mpya zilikuja na toleo jipya la Linux, na toleo hilo halikuwa na habari na faili lake fupi. Lilikuwa na njia mpya, Netplan, ambayo faili lake huandikwa kwa kupangwa kingazi, mstari huu umeingia ndani kidogo, ule umeingia zaidi, na nafasi ikizidi au ikipungua linakataa kazi. Njia ya zamani ilikuwa bado inapatikana, ila mtu aiweke kwa mkono wake. Mkuu wa kitengo, kijana wa miaka arobaini aliyemheshimu kama mama yake mdogo, alimwachia uamuzi. Alimwambia achague njia moja itumike kwenye mashine zote, na ampe jibu kabla mashine hazijaanza kupakiwa garini.

Aliyekuwa upande wa njia mpya alikuwa Mgeni. Mwanamke huyo aliajiriwa miaka mitatu nyuma, ana mapacha wanaosoma shule ya msingi, lakini kwa kuwa aliwakuta watu wamekwisha kuzoeana, jina la Mgeni lilimganda kama kupe. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mezani pake hapakuwa na kitu isipokuwa kompyuta na chupa ya maji, jambo ambalo Mama Nyaya, aliyefanya kazi katikati ya vichuguu vya kebo, aliliona kama dalili ya mtu asiye na shughuli.

"Faili gani hili linalogoma kwa sababu ya nafasi moja?" Mama Nyaya alimuuliza. "Hata mwalimu wangu wa darasa la pili hakuwa mkali hivi."

"Afadhali ligome mapema, mama," Mgeni alijibu, "kuliko likubali halafu lituzimikie."

Neno hilo lilimchoma, ingawa Mgeni hakujua habari za mlimani wala za sharubu za daktari. Mama Nyaya alimwambia kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, akageukia kazi yake, na siku tatu mfululizo wakawa wanasalimiana kwa adabu iliyopitiliza, ile ya watu wasiotaka kuzungumza.

Nyumbani alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa fundi cherehani, sebule ndiyo karakana yake, na alikuwa na tabia ya kusikiliza mguu ukiwa unaendelea kukanyaga. Alimsikiliza hadi mwisho wa mshono. Kisha akauliza kama hizo njia mbili haziwezi kukaa pamoja, maana yeye mteja akishindwa kuchagua vifungo au zipu humwekea vyote, na hajawahi kurudishiwa nguo. Mama Nyaya alicheka, akamwambia kwamba seva si sketi. Lakini usingizi ulipomchukua wazo lilikuwa limekwisha kuingia, na asubuhi lilimwamsha likiwa limevaa suti.

Kweli, kwa nini asiweke vyote viwili? Njia ya zamani kwa usalama, njia mpya iachwe mahali pake, na hakuna atakayesema ameshindwa. Jumatatu akaandaa mashine ya kwanza, ile ya hospitali yenyewe, inayopokea majibu kutoka maabara. Aliweka faili lake fupi lenye anwani ya siku zote. Lile la njia mpya hakuligusa, likabaki kama lilivyotoka kiwandani, na amri yake pekee ilikuwa kwamba mashine ikiwaka iombe anwani yoyote inayopatikana. Akaiwasha, akaijaribu, ikaitika. Akafunga mlango wa chumba cha seva akiwa ameridhika, tena akaona kwamba Mgeni hana haja ya kuambiwa.

Jumanne asubuhi mtaalamu wa maabara alikuja na karatasi mkononi. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo, na kadiri alivyokasirika ndivyo sauti ilivyozidi kuwa ndogo. Siku hiyo ilibidi wainame kumsikia. Alieleza kwamba kipimo kimoja jibu lake linafika wodini, kinachofuata halifiki, cha tatu linafika, cha nne na cha tano hayafiki. Kwamba tangu saa mbili wanaandika kwa mkono na kumtuma mhudumu akimbie na karatasi. Kwamba bahati nzuri hakuna mgonjwa aliyedhurika, lakini mhudumu naye ni binadamu, ana miguu miwili tu.

Mama Nyaya akaingia chumba cha seva na hakutoka hadi saa saba. Alibadilisha kebo, akabadilisha tundu kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha mashine, akaishutumu swichi yenyewe. Kisha akaiuliza mashine ina anwani gani, swali ambalo angeuliza kwanza kama angekuwa anamsaidia mtu mwingine, na mashine ikamjibu kwamba inazo mbili. Ya kwanza ameipa yeye. Ya pili imejitafutia kwa amri ya lile faili aliloliacha. Ikawa kama mwanamume mwenye wake wawili wasiojuana: mara anabisha hodi kwa jina hili, mara kwa jina lile, na mashine za maabara, ambazo zilimjua kwa jina moja tu, zikawa zinamfungia mlango kila anapokuja na la pili.

Alikaa juu ya boksi la karatasi, akiwa na njaa, akajitazama mikono. Mafahari wawili hawakai zizi moja, na yeye, mtu mzima, ndiye aliyewafungia pamoja kwa sababu hakutaka kushindwa ubishi. Aliifuta ile anwani ya pili, maabara ikatulia, akanawa uso, akaenda kwa mkuu wa kitengo kabla hajaitwa.

Hakujitetea. Alisema amefanya nini, kwa nini, na saa ngapi. Mkuu wa kitengo alisikiliza akizungusha kalamu, akauliza kama maabara wako sawa sasa, akaambiwa ndiyo.

"Basi chagua moja, mama," akamwambia. "Mimi nitaweka sahihi kwenye yoyote. Lakini moja."

Akiwa anatoka alimpitia Mgeni, akamsimulia pia, kwani aliona si haki mwenzake asikie habari hiyo kwa mhudumu wa maabara. Alitegemea uso wa ushindi. Mgeni alisema tu kwamba na yeye, kazi yake ya kwanza, aliwahi kufanya kosa hilohilo na likamchukua siku mbili kulibaini, si saa tano. Akamsukumia kiti. Mama Nyaya akakaa.

Jumatano asubuhi akafanya kitu ambacho kwa majuma yote ya ubishi hakukifanya. Alifungua maelezo ya njia mpya akayasoma toka juu, taratibu, kamusi mkono wa kushoto, kama alivyosoma kile kitabu kinene. Kurasa za kwanza alizisoma kwa dharau, za kati kwa uvumilivu. Kisha akafika kwenye amri moja, akaisoma, akarudi nyuma akaisoma tena. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaisoma mara ya tatu.

Ilikuwa amri ya kujaribu. Ilisema kwamba mtu akibadilisha mipangilio ya mtandao anaweza kuiambia mashine ifuate kwa majaribio. Mashine itafuata, kisha itangoja sekunde mia na ishirini. Mtu akibonyeza kitufe kuthibitisha, mabadiliko yanabaki. Asipobonyeza, labda kwa kuwa amejikata mwenyewe na hawezi hata kuifikia, mashine haitamngoja aje na lori. Itarudisha yenyewe mipangilio ya zamani.

Aliinua kichwa. "Hii amri ya kujaribu," alimuuliza Mgeni, "inafanya kweli inavyosema hapa?"

"Inafanya."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, mama."

"Ningejuaje, na kazi yangu ilikuwa kubisha tu?"

Mgeni akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu kwa Mama Nyaya kuona kwamba ana mwanya.

Maandishi ni maandishi, na Mama Nyaya alikwisha kusoma mengi yaliyoahidi. Walichukua mashine moja mpya, wakaiweka upande wa pili wa chumba bila kibodi wala skrini, wakaiunganisha kwa kebo ndefu. Akakaa mezani kwake, akaingia kwa mtandao kama vile mashine iko mlimani. Akafungua faili la kingazi, akaharibu kwa makusudi: anwani ya mashine akaibadilisha kuwa namba ya ovyo isiyo na kwao. Akaandika amri ya kujaribu, akabonyeza.

Skrini ikaganda. Akainuka nusu kitini, ingawa mashine ilikuwa hatua sita kutoka alipo na angeweza kuifikia kwa kunyoosha fimbo. Alitazama saa ya ukutani. Mshale wa sekunde ulizunguka mara moja. Mgeni alikunywa maji. Mshale ukazunguka, ukakaribia juu tena, ukapita kidogo. Kisha kile kialama cha kuandikia kilichokuwa kimesimama kama jiwe kikaanza kupepesa, na skrini ikasema kwa maneno yake kwamba mipangilio imerejeshwa.

"Rudia," alisema, ingawa aliyekuwa kwenye kibodi ni yeye mwenyewe.

Alirudia. Akarudia tena kwa kosa jingine. Mara ya nne aliharibu nafasi badala ya namba, na mashine ikakataa papo hapo, ikamwonyesha mstari wenye kasoro. Hapo aliegemea kiti. Mgeni, aliyekuwa sasa amekwisha kusikia habari za sita na tisa na za bandeji, aliona macho yake yamejaa, akainuka kwenda kujaza chupa ambayo ilikuwa bado imejaa nusu.

Barua yake kwa mkuu wa kitengo ilikuwa na mistari miwili. Njia mpya, kwenye mashine zote. Ya zamani iondolewe kabisa, isiachwe hata mzizi. Sahihi. Kazi ya kuiondoa kwenye mashine ya hospitali aliifanya kwa mkono wake, na hakuona uchungu alioutegemea. Aliona kama mtu aliyehamisha kabati kubwa sebuleni akagundua kwamba kulikuwa na dirisha nyuma yake.

Mashine kumi na moja zikaandaliwa, zikapakiwa, dereva akazigawa zahanati moja baada ya nyingine. Miezi mitatu ikapita. Kampuni ikafunga malango mapya kama ilivyoandika, na juma la kubadilisha likaingia. Mama Nyaya hakufunga safari. Jumatatu saa tatu asubuhi alivuta kiti, akaweka mezani karatasi ya namba aliyotumiwa na kampuni, Mgeni akakaa pembeni akiwa na simu, wakaanza na zahanati ya karibu kabisa, ambayo ikiharibika mtu angeweza kuifikia kwa miguu.

Ikakubali. Ya pili ikakubali. Hadi saa saba walikuwa wamemaliza tano, na Jumanne kabla ya chai wakamaliza tano nyingine. Kila mara aliandika, akajaribu, akaingia, akathibitisha, na kila mara alishusha pumzi kwa sauti ambayo Mgeni alianza kuizoea. Ya hospitali yenyewe haikuhitaji, lango lake halikubadilishwa. Ikabaki ile ya mlimani.

Muuguzi mkuu wa kule alikuwa yuleyule wa zamani, na kumbukumbu yake ilikuwa nzima. Mgeni alipompigia na kuweka simu mezani ili wote wasikie, alisema kwamba ana akina mama ishirini na watatu barazani wanaongoja chanjo, na kwamba Mama Nyaya akimkatia tena mtandao safari hii atamletea watoto wote awapige sindano mwenyewe.

Mama Nyaya akajibu kwamba hatamkatia. Akaandika namba ya lango, akaandika amri, akabonyeza, na skrini ikaganda.

Hii haikuwa ya makusudi. Mgeni alimtazama, naye akaitazama skrini. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya kibodi, akaviondoa, akaviweka mapajani, maana hakutaka viguse kitu.

"Dada," alimwita muuguzi kwa simu, "kompyuta zenu huko ndani zinaandika?"

"Zinaandika. Nimemwingiza mtoto wa nne sasa hivi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Endelea."

Ilikuwa kweli. Ndani ya zahanati kila kitu kilikwenda, kilichofungika ni njia ya kutoka nje tu. Lakini kama haitarudi, majibu ya vipimo hayatapanda wala kushuka, na lori litawashwa. Alitazama saa ya ukutani. Kwenye simu alisikia mtoto akilia, mama yake akimbembeleza, muuguzi akisema jina la anayefuata. Mshale ukazunguka mara moja. Alijikuta anapanga kichwani nguo za safari, viatu vya matope, nani atakaa na funguo za chumba cha seva. Mgeni aliweka mkono mgongoni mwake, akauacha hapohapo. Mshale ukapanda tena kuelekea juu, ukafika, ukapita kwa sekunde tatu zilizokuwa ndefu kuliko zile zote mia na ishirini.

Kialama kikapepesa. Mipangilio imerejeshwa.

Mama Nyaya alichukua karatasi ya kampuni, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Mahali alipoandika moja palikuwa na saba, mstari wake wa juu umefifia kwa wino hafifu wa printa. Alimpa Mgeni athibitishe, Mgeni akasema ni saba. Akaandika saba, akaamuru, akangoja. Safari hii skrini ilishtuka kidogo ikaendelea, na ikamuuliza kama anakubali. Alibonyeza kitufe kile kwa kidole kimoja, polepole, kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga.

"Tayari, dada," aliiambia simu.

"Tayari nini?" muuguzi aliuliza. "Kwani mlikwisha kuanza?"

Mgeni alicheka hadi akaegemea ukuta. Mama Nyaya alimuaga muuguzi, akaulizia afya yake na hali ya barabara, ambayo safari hii aliiulizia kwa adabu tu. Kisha akaenda kumwarifu mkuu wa kitengo kwamba zote zimehamia, bila safari hata moja. Mkuu wa kitengo akatazama kalenda, ambamo alikuwa ametenga siku saba za gari, akamwambia aende nyumbani. Mama Nyaya akasema ni saa nane tu. Mkuu akamwambia anajua kusoma saa.

Alirudi kwa miguu, mkoba umening'inia, akasimama njiani kuchagua nyanya bila haraka, moja moja, hadi muuzaji akamuuliza kama anazinunua au anazioa. Nyumbani mumewe aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akaangalia dirishani jua liko wapi, akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Nimemaliza kazi."

Alikaa kwenye kochi ili avue viatu. Alivua cha kulia akakiweka sakafuni. Cha kushoto alikishika kamba, akaegemea nyuma kidogo apumue kwanza, na mumewe alipogeuka kumuuliza atakula nini alimkuta amelala fofofo, mdomo wazi, mkono bado umeshika kamba ya kiatu. Fundi cherehani akainua mguu wake kutoka kwenye kanyagio. Alikaa hivyo kitambo akimtazama, kisha akatafuta mkasi na nguo nyingine ya kukata, kazi isiyo na kelele.